Kupima usumaku unaobadilika ndani ya femtosekunde: mwongozo wa anayeanza, kutoka meza ya Malindi hadi maabara ya leza

Kila mwanafunzi wa fizikia wa huku Malindi au Kilifi anapopata nafasi ya kwenda maabara ya leza nje, maswali huwa yale yale. Nianzie wapi? Nilichokiona ni usumaku au ni mwanga tu? Mbona sioni muda sufuri? Mbona mchoro wa leo haufanani na wa jana? Nimeona niyajibu kwa pamoja, kwa mpangilio wa kazi yenyewe. Kipimo tutakachoshughulika nacho ni kimoja: tunaipiga aloi ya sumaku kwa pigo fupi la leza, kisha tunafuatilia usumaku wake unavyoporomoka na kurudi, kwa kutumia athari ya Kerr.

Hatua ya 1 hadi ya 4 unazifanya hapa hapa Malindi, bila leza ya bei ghali. Tafadhali usiziruke. Anayefika maabara akiwa ameshawahi kuiona ishara ya Kerr kwa mkono wake hujifunza haraka, na anayeiona huko kwa mara ya kwanza hupoteza siku za leza akihangaika na mambo ambayo angeyamaliza nyumbani.

Ukishika jambo moja tu hapa, lishike hili: pima pande zote mbili za uga wa sumaku, kisha toa moja kwa nyingine. Kila mara.

Nadharia ya kutosha kuanzia

Mwanga uliopolarishwa ukiakisiwa na metali yenye usumaku, mwelekeo wa upolarishaji wake huzunguka kidogo sana. John Kerr alilieleza jambo hili mwaka 1877. Usumaku ukigeuka, mzunguko nao hugeuka; usumaku ukipungua, mzunguko hupungua. Mwaka 1996 Beaurepaire, Merle, Daunois na Bigot kule Strasbourg, Ufaransa, waliipiga filamu ya nikeli kwa mapigo ya femtosekunde 60 (femtosekunde ni sehemu ya elfu ya pikosekunde, na pikosekunde ni sehemu ya trilioni ya sekunde) wakakuta usumaku umeshashuka kabla ya pikosekunde moja kuisha. Wengi hawakutarajia kasi hiyo, na fani nzima ikaanzia hapo.

Hakuna osiloskopu inayoweza kufuata kasi hiyo. Kwa hiyo muda tunaupima kwa urefu wa njia. Mwanga husafiri mikromita 0.3 kwa femtosekunde 1, yaani milimita 0.3 kwa pikosekunde 1. Pigo la kwanza, pampu, linaipasha sampuli joto. Pigo la pili, dhaifu, ndilo la kupimia, nalo linafika likiwa limechelewa kiasi unachokichagua wewe kwa kusogeza kioo.

Vitu vinavyohitajika

Kwa hatua za Malindi:

- leza ndogo nyekundu ya kuelekezea, ile ya wahadhiri
- vipande viwili vya filamu ya polaraiza (skrini za LCD zilizokufa kwa mafundi wa simu na kalkuleta zinatosha)
- fotodayodi moja, ukinzani wa kiloomu 100, na multimita nzuri au kadi ya Arduino
- waya wa shaba wenye vanishi, kutoka kwa fundi wa kusuka mota
- betri ya volti 12, ukinzani mkubwa wa kupunguza mkondo na swichi ya kugeuza mkondo
- vibandiko vya kuzuia wizi vya supamaketi, vile vya plastiki nyeupe vilivyovimba

Kwa maabara, vitu vingi utavikuta huko: leza ya femtosekunde (mara nyingi ni ya titani na yakuti, nanomita 800), fuwele ya kuzaa mwanga wa nanomita 400 (800 ndiyo pampu, 400 ndiyo ya kupimia), reli ya kuchelewesha, chopa (gurudumu lenye mianya linalokatakata mwale), bamba la nusu wimbi na la robo wimbi, prizimu ya Wollaston, fotodayodi pacha, amplifaya ya lokini (inayosoma ishara ya masafa ya chopa peke yake), sumaku-umeme na mita ya nguvu ya leza. Wewe nenda na daftari, diski ya kuhifadhia data, na programu yako ya Python uliyokwisha kuijaribu.

Hatua

1. Toa sampuli ya mazoezi. Pasua ukingo wa kibandiko kwa wembe. Ndani utakuta kanda nyembamba za metali zinazong'aa, zimelala huru, na nyingine ngumu zaidi iliyobanwa upande wa pili. Zile huru ndizo tunazozitaka: ni aloi laini ya sumaku isiyo na fuwele, na uga mdogo tu unatosha kuigeuza. Ngumu weka kando. Ukanda una uso unaong'aa na uso uliofifia, tumia unaong'aa. Ubandike wote kwenye kipande cha kioo cha dirisha kwa gundi ya epoksi, ulale bapa kabisa. Usipoubandika vizuri, uga utaupinda na mwale utahama, na utadhani umeona Kerr.

2. Suka koili mbili. Mizunguko 200 kila moja, nusu kipenyo sentimita 3, zitazamane kwa umbali wa sentimita 3, sampuli ikae katikati. Mkondo wa ampea 1 utakupa uga wa karibu militesla 6. Mwambie fundi unataka waya usiopungua milimita 0.5, la sivyo koili itawaka moto mkononi. Washa mkondo kwa sekunde chache, soma, zima. Koili ikipata joto ukinzani wake hupanda na uga hushuka bila wewe kujua.

3. Uone mzunguko wa Kerr. Mwale upite polaraiza ya kwanza, uigonge sampuli kwa nyuzi 45 hivi, urudi kupitia polaraiza ya pili hadi kwenye fotodayodi. Uga uwe sambamba na uso wa ukanda, ukifuata mwelekeo wa mwale. Zungusha polaraiza ya pili mpaka mwanga uzimike, kisha iache nyuzi 3 kando ya giza. Kwa nini kando? Gizani kabisa mwanga haubadiliki sana usumaku ukigeuka. Ukisogea pembe ndogo, badiliko la mwanga kwa kulinganisha ni takriban mara mbili ya mzunguko wa Kerr ukigawanywa kwa pembe hiyo. Mzunguko wa nyuzi 0.02 kwa pembe ya nyuzi 2 ni asilimia 2 kila upande wa uga, asilimia 4 kutoka upande hadi upande. Hiyo hata multimita inaiona. Polaraiza za LCD huvujisha mwanga, ndiyo maana nakuambia nyuzi 3 au 4 badala ya 1.

Iache leza iwake robo saa kabla ya kusoma chochote, na uilishe kwa chaja ya simu iliyo imara, si betri zinazochoka. Zima feni. Zima taa pia, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50 na taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukikaa karibu na barabara, fanya kazi usiku tuktuk zikipungua.

Sasa jaribio muhimu kuliko yote katika sehemu hii. Soma uga ukiwa mbele, soma ukiwa nyuma, andika tofauti. Kisha ipeleke polaraiza ya pili upande wa pili wa giza, nyuzi 3 zile zile, na urudie. Ishara ya Kerr lazima igeuze alama: iliyokuwa ikipanda sasa ishuke. Ikibaki vile vile, unachokiona ni sampuli inayotikiswa na koili, au leza inayosikia mkondo wako. Rudi hatua ya 1 ubandike upya. Kitanzi cha histeresisi, yaani mchoro wa ishara dhidi ya uga ukienda na kurudi, kinaweza kutoka chembamba na chenye mlalo badala ya mraba. Aloi hizi zina tabia hiyo, na hilo si kosa.

4. Jua sampuli halisi na jinsi ya kuitunza. Kwa kipimo cha femtosekunde hutatumia ukanda, utatumia filamu ya unene wa nanomita 10 hadi 20. Sababu ni kwamba mwanga hupenya metali kwa nanomita 10 hadi 20 hivi tu. Filamu ikiwa nene, juu panawaka na chini pamepoa, na mchoro wako unachanganya hali mbili. Filamu ifunikwe kwa tabaka la kinga, kama platini au tantali ya nanomita chache. Aloi yenye gadolini bila kinga huharibika kwa hewa ya kawaida, sembuse hewa yetu ya chumvi. Ukileta sampuli nyumbani Shella au Maweni, iweke ndani ya chupa inayofunga vizuri pamoja na vifuko vya jeli ya silika, usiiache mezani hata kwa usiku mmoja wa masika. Shika kwa koleo, pembeni tu.

5. Usalama, kabla ya kuwasha chochote. Mwale wa nanomita 800 unauona mwekundu hafifu, na hapo ndipo hatari ilipo: unaonekana mnyonge na kumbe unaweza kulitoboa jicho papo hapo. Miwani ya leza ivaliwe, na uhakikishe imeandikwa kwamba inazuia 800 na 400 zote mbili. Vua saa, pete na bangili. Usiinamishe kichwa hadi usawa wa meza, hata ukidondosha skrubu. Geuka, ziba mwale, ndipo uokote. Kila kioo unachokisogeza, jua kwanza mwale wake utaangukia wapi. Ukiona mwenzako wa siku nyingi anafanya kazi bila miwani, usimwige. Jicho halina spea.

6. Anza na Kerr tuli, pampu ikiwa imezibwa. Tumia mwale wa kupimia peke yake. Baada ya sampuli, bamba la nusu wimbi na prizimu ya Wollaston vinaugawa mwanga mara mbili kwenda kwenye fotodayodi pacha. Zungusha bamba mpaka tofauti ya fotodayodi iwe sufuri, kisha zungusha uga uone kitanzi. Hapa mtihani wa nyumbani unarudi kwa sura nyingine, na utaona kwa nini nilisisitiza. Usiendelee mpaka kitanzi kitoke safi na ujue ni uga kiasi gani unaishibisha sampuli, yaani usumaku wake hauongezeki tena. Fanya kazi kwa uga ulio juu ya huo. Kila pigo lazima liikute sampuli katika hali ile ile, kwa sababu unachokichora ni wastani wa maelfu ya mapigo.

7. Pima madoa na nishati. Doa la mwale wa kupimia liwe theluthi moja ya doa la pampu au chini ya hapo, ili upime eneo lililopata joto sawa. Upana wa doa unapimwa kwa wembe: usogeze wembe ukate mwale polepole, soma nguvu, tafuta mahali iliposhuka hadi asilimia 84 na mahali iliposhuka hadi asilimia 16. Umbali kati yake ndio nusu kipenyo cha mwale, ule wa kawaida wa kugawanya kwa e mraba. Pima mahali sampuli ilipo hasa, wala si karibu yake.

Sasa hesabu. Leza ya kilohezi 1 yenye miliwati 1 inatoa mikrojouli 1 kwa pigo. Nusu kipenyo mikromita 100 ni eneo la sentimita mraba 0.000314. Gawanya: milijouli 3.2 kwa sentimita mraba. Huo ni wastani; katikati ya doa la umbo la Gauss ni mara mbili yake, 6.4. Andika daftarini ni ipi kati ya hizo mbili, na kama ni nishati iliyoangukia au iliyofyonzwa, maana metali hurudisha sehemu ya mwanga. Tofauti nyingi kati ya matokeo ya maabara mbalimbali zinaanzia hapa. Na kama chopa inazunguka wakati unapima nguvu, mita inasoma nusu.

Anza na milijouli 1 kwa sentimita mraba, panda polepole. Kila ukipanda, rudia kitanzi tuli. Kisiporudi kama kilivyokuwa, umeiunguza. Hamia eneo jipya.

8. Nyoosha reli ya kuchelewesha. Mwale uwe sambamba kabisa na mwendo wa reli. Ipeleke reli mwanzo, weka alama doa lilipo mbali, mita 2 au zaidi. Ipeleke mwisho, angalia. Doa likihama, rekebisha vioo viwili vya kabla ya reli, wala usikimbilie vya baada yake. Uvumilivu wako wote utumie hapa. Reli iliyopinda hufanya mwale wa kupimia uondoke taratibu juu ya doa la pampu kadiri muda unavyoongezeka, na mchoro utaonyesha usumaku "unarudi" wakati kumbe ni doa linahama. Nimeona michoro mizuri sana ya namna hiyo, yenye kila kitu isipokuwa fizikia.

9. Tafuta muda sufuri. Wengi hukata tamaa hapa kwa sababu wanatafuta kwa hatua ndogo mno. Kwanza pima njia zote mbili kwa utepe wa kupimia tangu mwale unapogawanywa, uzilinganishe hadi sentimita. Pili, weka fotodayodi ya kasi mahali pa sampuli, linganisha mapigo mawili kwenye osiloskopu. Utafika ndani ya pikosekunde mia moja hivi. Tatu, rudisha sampuli na uangalie badiliko la mwakisiko pampu ikikatwa na chopa. Tembeza reli kwa hatua za pikosekunde 5. Badiliko hilo hudumu kwa muda mrefu baada ya pampu, kwa hiyo unatafuta ngazi, si kichuguu, huwezi kuiruka. Ukishaiona ngazi, nenda kwa hatua za femtosekunde 100, kisha 20. Kumbuka mwale unakwenda na kurudi: reli ikisogea mikromita 3, njia imebadilika mikromita 6, muda femtosekunde 20.

Usipoona kitu, mara nyingi kosa ni madoa kutokutana wala si muda. Weka tundu dogo la mikromita 100 mahali pa sampuli, upitishe miale yote miwili humo.

10. Pata kipimo cha ulinganisho, halafu kimbiza. Lokini inakupa volti, lakini msomaji anataka asilimia ya usumaku uliopotea. Wengi hukisia kigezo cha kubadilisha na hukosea. Njia iliyo safi ni hii: ihamishie chopa kwenye mwale wa kupimia, pampu imezibwa, masafa yale yale. Soma lokini uga ukiwa mbele, soma ukiwa nyuma. Tofauti hiyo ndiyo usumaku mzima, ukiusoma kwa lokini ile ile na kigezo kile kile. Irudishe chopa kwenye pampu. Sasa kila tofauti ya mbele na nyuma utakayoipata ukiigawa kwa ile ya kwanza inakupa sehemu ya usumaku iliyobadilika, bila kukisia chochote.

Kimbiza muda kwa hatua zisizolingana. Kutoka pikosekunde 2 kabla ya sufuri hadi 0.3 kabla, hatua za femtosekunde 200 zinatosha. Usiache sehemu hiyo, ndiyo msingi wako. Kutoka hapo hadi pikosekunde 2 baada, femtosekunde 20. Kisha nusu pikosekunde hadi 20, halafu panua kadiri unavyokwenda mpaka 500. Katika kila nukta geuza uga usome pande mbili, au angalau badilisha uga kila baada ya mkimbio mmoja. Usipime pande zote za mbele asubuhi na za nyuma jioni: leza itakuwa imehama katikati.

Tofauti ya pande mbili ndiyo usumaku. Jumla yake ndiyo mwanga mtupu, yaani badiliko la mwakisiko na mengineyo. Hifadhi zote mbili. Jumla ndiyo itakayokuambia baadaye kama siku ile ilikuwa nzuri.

11. Jaribu ukweli wa femtosekunde za mwanzo. Ongeza bamba la robo wimbi mbele ya bamba la nusu wimbi ili upime uduaradufu (upolarishaji ulionyooka unavyogeuka kuwa duaradufu) badala ya mzunguko, kisha rudia mkimbio. Kama ni usumaku, michoro miwili ikilinganishwa kila mmoja kwa ukubwa wake tuli itafanana. Isipofanana katika femtosekunde mia chache za mwanzo, basi pampu imeibadilisha optiki ya metali yenyewe, na huna ruhusa ya kusema usumaku ulishuka kwa kasi ile. Koopmans na wenzake kule Eindhoven walilionyesha hili kwa nikeli mwaka 2000, na bado linasahauliwa. Mchoro wenye mzunguko peke yake haunitoshi mimi kuamini muda wa mwanzo.

12. Chora na ulinganishe nyumbani. Kazi hii kompyuta ndogo yoyote inaiweza, hata umeme wa Malindi ukikatika, mradi betri ina chaji na umehifadhi nakala. Chukua tofauti ya pande mbili, igawe kwa ulinganisho wa hatua ya 10. Iwekee milinganyo miwili ya kieksiponenti: mmoja wa kuporomoka, mmoja wa kurudi, na sakafu isiyorudi ndani ya dirisha lako. Vyote vipishanishwe (konvolusheni) na pigo la Gauss lenye upana wa mapigo yako mawili kwa pamoja. Acha muda sufuri uwe huru kidogo katika ulinganishaji, lakini ufungwe uwe mmoja kwa mikimbio yote ya siku hiyo.

Ukipata muda wa kuporomoka ulio mfupi kuliko upana wa pigo, usiutangaze. Umepima leza. Kwa nikeli tarajia kati ya femtosekunde 100 na 200 hivi, na muda huo hurefuka ukiongeza nishati.

Aloi zina tabia zake

Pamaloi, yaani nikeli 80 na chuma 20, ni mwanzo mzuri: hugeuzwa na uga mdogo, na haidai makuu. Kerr ya mwanga wa kawaida huiona kama kitu kimoja. Ukitaka kutenganisha chuma na nikeli utahitaji mwanga wa urujuani wa mbali sana au eksirei. Kwa njia hiyo mwaka 2012 ilionekana nikeli ndani ya pamaloi ikichelewa nyuma ya chuma kwa karibu femtosekunde 18.

Gadolini, chuma na kobalti kwa pamoja ni habari nyingine kabisa. Usumaku wa gadolini unaelekea kinyume na wa chuma na kobalti, na kuna joto ambapo vinalingana na kufutana. Mwanga unaouona wewe unapima hasa chuma na kobalti. Kwa hiyo sampuli ikivuka joto hilo, kitanzi chako kitageuka juu chini. Usibadilishe nyaya, ni aloi inazungumza. Uga wa kugeuzia nao hupaa karibu na joto hilo, na sumaku-umeme yako inaweza isitoshe. Hakikisha shibe upya kila unapobadilisha joto la sampuli. Katika aloi hii ndimo kundi la Nijmegen lilipoonyesha mwaka 2007 kwamba pigo la leza peke yake laweza kugeuza usumaku, na mwaka 2011 eksirei za Berlin zikaonyesha chuma kikivuka sufuri baada ya femtosekunde 300 hivi huku gadolini ikichukua pikosekunde 1.5. Ukiona mchoro wako unavuka sufuri na haurudi, punguza nishati kwanza. Pengine umegeuza sampuli kila pigo, na sharti la kila pigo kuikuta katika hali ile ile limevunjika, isipokuwa uga wako una nguvu ya kuirudisha.

Matatizo na tiba yake

*Kuna ishara hata kabla ya muda sufuri.* Ziba mwale wa kupimia. Ishara ikibaki, ni pampu inayotawanyika kuingia kwenye fotodayodi. Weka kichujio kinachopitisha 400 na kuzuia 800. Ikitoweka, ni joto lililobaki kutoka pigo lililopita. Kwa leza ya kilohezi 1 kuna milisekunde nzima ya kupoa, lakini kwa ya megahezi 80 kuna nanosekunde 12.5 tu, na filamu juu ya kioo cha kawaida hupoa polepole. Punguza nishati, au omba filamu juu ya silikoni au yakuti.

*Mbele na nyuma zinafanana kabisa.* Huna usumaku katika ishara hiyo, ni mwanga mtupu. Mara nyingi sumaku-umeme haijawashwa kweli, au uga uko upande usiofaa: filamu yenye usumaku wa wima inataka uga wa wima na mwale unaokaribia wima.

*Mbele na nyuma zinatofautiana lakini hazina ulinganifu.* Kidogo ni kawaida. Zikizidi, fotodayodi pacha hazijasawazishwa. Rudi kwenye bamba la nusu wimbi. Sawazisha pampu ikiwa imezibwa.

*Mawimbi yanaonekana baada ya pikosekunde kadhaa.* Usiyafute kwa kulainisha. Yakiwa kwenye tofauti na yakibadilika kasi ukibadilisha uga, ni usumaku unaozunguka kama pia, na ni data nzuri. Yakiwa kwenye jumla na hayajali uga, ni sauti ndani ya filamu au silikoni.

*Kelele ni kubwa kuliko ishara.* Ziba mwale wa kupimia kwanza uone kelele ya vifaa. Ikiwa ndogo, tatizo ni leza au hewa: funika njia ya mwale kwa maboksi, zima kiyoyozi kinachopuliza mezani. Kwa leza ya kilohezi 1, chopa iendeshwe kwa hezi 500 ikifuata saa ya leza, si kwa masafa yake yenyewe.

*Matokeo ya leo hayafanani na ya jana.* Angalia kwa mpangilio huu: nguvu ya pampu, ukubwa wa doa, madoa kukutana, kitanzi tuli. Kitanzi kikiwa kimedhoofika mahali pale pale ulipopima jana, filamu imeungua. Sogea milimita nzima upande, rudia ulinganisho wa hatua ya 10, na data ya saa za mwisho za jana iwekee alama kabla hujaichanganya na nyingine.